DAFTARI LA CHUPUCHUPU: Maneno ya Katibu wa Tawi kuhusu vijana wetu na ajali za kazi za umeme



Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wanachama Jumamosi iliyopita. Mwenyekiti ameelekeza yarushwe kwenye kundi kwa ajili ya waliokuwa kazini, wagonjwa na walio safarini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Ni marefu, mtanisamehe. Someni kwa vituo, na mwenye mzazi asiyetumia simu amsomee.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati ya Tawi, wazee wetu, kina mama, vijana, itifaki imezingatiwa.

Ajenda yangu ni moja. Mnajua laini ya umeme inakuja kwenye ile mitaa miwili ya juu. Mkandarasi anatafuta vibarua wa kuchimba mashimo, kubeba nguzo na kuvuta nyaya, na vijana 19 wa tawi hili wameshaniletea majina ili niwaandikie utambulisho wa kupeleka ofisi ya mtaa. Majina ninayo kwenye faili hili hapa. Sijayapeleka. Wengine mmeshaanza kusema Katibu anakalia riziki za watoto wa watu. Leo nataka niwaeleze kwa nini nimeyakalia siku tisa, na ninachoomba mkutano huu uamue kabla sijayapeleka.

Nianze na jambo langu mwenyewe, maana sitaki kuwafundisha kama mtu aliye nje ya habari hii.

Nilipomaliza stashahada ya uhasibu nilikuwa na miaka 24. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni moja ya ukandarasi wa kujenga laini za umeme. Si ya mkoa huu, na jina nabaki nalo. Nilikuwa nashika peti kashi. Mafundi waliniita Dada Vocha, kwa sababu hakuna aliyepata hata mia tano yangu bila kusaini. Nilijivunia hilo.

Sasa sikilizeni vocha nilizoziandika mwaka ule, za gengi moja tu la watu kumi na wawili. Machi: kununua kamba mpya, ya zamani imekatika wakati wa kusimamisha nguzo. Mwisho wa Machi: nauli ya bodaboda kumpeleka kibarua zahanati, na dawa. Aprili: maziwa pakiti mbili, fundi kapigwa shoti. Mei: maziwa tena, fundi yuleyule. Juni hakuna kitu. Julai: sanda, jeneza, na gari la kusafirisha mwili mpaka kwao.

Zote hizo niliziingiza kwenye fungu moja, "gharama mbalimbali", pamoja na sukari ya ofisi na wino wa printa. Mwisho wa mwaka vitabu vilibalansi mpaka shilingi ya mwisho. Mkaguzi akanisifu.

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa na karatasi zote. Fundi mkuu alijua habari ya kamba. Msimamizi alijua habari ya shoti. Dereva alijua habari ya zahanati. Mtu mmoja tu katika kampuni nzima ndiye vyote vilipita mikononi mwake kwa tarehe na kwa kiasi, naye ni mimi, na nilichokiona ni shilingi. Kijana yule alikufa juu ya nguzo, kwenye laini aliyoambiwa imezimwa. Maziwa ya Aprili na ya Mei yalikuwa yameshatuambia kuwa gengi lile linapanda kwenye laini bila kupima kwanza kama umeme upo.

Mzee mmoja alinijibu nilipomsimulia hili wiki iliyopita. Akaniambia: "Katibu, ajali haina kinga." Namheshimu sana mzee huyo, na yuko hapa. Lakini naomba niseme kuwa methali hiyo imetufanyia kazi ambayo haikutumwa. Mimi niko upande wa wanaohesabu.

Watu walianza kuhesabu ajali zamani. Mwaka 1898 mtaalamu wa takwimu aitwaye Ladislaus Bortkiewicz alichapisha kitabu kidogo huko Ujerumani. Ndani yake aliweka hesabu ya askari wa farasi wa jeshi la Prussia waliokufa kwa kupigwa mateke na farasi. Msicheke. Hakuna ajali inayoonekana kuwa ya bahati mbaya tupu kuliko teke la farasi. Alichukua vikosi 10 kwa miaka 20, yaani rekodi 200 za kikosi kwa mwaka. Jumla ya vifo ilikuwa 122. Ukigawa, ni wastani wa 0.61 kwa kikosi kwa mwaka.

Kulikuwa tayari na kanuni ya Mfaransa Poisson, ya mwaka 1837, inayoeleza jinsi matukio machache yanavyojisambaza. Ukiipa ule wastani wa 0.61, kanuni inakwambia kwamba katika rekodi 200, kama 109 zitakuwa hazina kifo hata kimoja. Ukifungua daftari la jeshi unakuta rekodi zisizo na kifo ni 109. Kanuni inasema rekodi zenye kifo kimoja zitakuwa kama 66. Daftari lina 65. Zenye vifo viwili, kanuni inasema 20, daftari lina 22.

Hakuna aliyeweza kusema ni askari gani atapigwa teke, wala lini. Lakini idadi ilijulikana. Jina la marehemu ni siri ya Mungu, lakini idadi ya marehemu inatokana na jinsi kazi inavyofanywa, na hiyo ni siri yetu sisi.

Sasa hapo kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Tumeambiwa kuwa mkandarasi anayekuja ana rekodi safi, miaka mitatu hajapoteza mtu. Nami nasema vizuri, nimefurahi kusikia. Lakini rudini kwenye farasi wa Prussia. Zaidi ya nusu ya rekodi zile zilikuwa safi, na farasi walikuwa walewale. Kikosi chenye wastani ule kina nafasi ya kama moja kati ya sita kupitisha miaka mitatu mfululizo bila kifo, bila kubadilisha chochote, kwa bahati peke yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "sijawahi kupata kifo", hajakwambia mengi. Ni kama mtu anayevuka barabara amefumba macho, anakuonyesha mguu wake mzima.

Kifo ni tukio la nadra, na tukio la nadra halitabiriki vizuri kwa kujiangalia lenyewe. Wahasibu tunajua hili kwa njia yetu. Ukiwa na mteja mmoja mkubwa anayelipa mara moja kwa mwaka, huwezi kukadiria mapato ya mwezi ujao. Ukiwa na duka lenye wateja mia kwa siku, unaweza kukadiria kesho kwa kukosea kidogo. Kwa hesabu za Poisson, mtikisiko wa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Ukitarajia tukio 1, kupata 0 au 2 hakukwambii kitu. Ukitarajia 100, mtikisiko wa kawaida ni kama 10 hivi, na ukiona 140 unajua kabisa kuna kitu kimeharibika.

Ndiyo maana wanaotaka kutabiri vifo huhesabu vitu vidogo. Mmarekani H. W. Heinrich, aliyekuwa mtu wa kampuni ya bima, aliandika mwaka 1931 kuwa nyuma ya kila jeraha kubwa 1 kuna majeraha madogo 29 na matukio 300 yasiyoumiza mtu. Mwaka 1969 mwenzake Frank Bird akapitia ripoti za kampuni 297, ajali zaidi ya milioni moja na laki saba, akaja na 1, 10, 30 na 600. Hayo 600 ndiyo ninayoyataka mimi. Kwa Kiswahili chetu ni chupuchupu. Nguzo iliyoteleza ikaanguka pale mtu alipokuwa amesimama dakika moja kabla. Kamba iliyokatika. Shoti iliyokuachia vidole vikiwa na ganzi ukacheka na wenzako.

Ila msizishike namba za Heinrich kama katiba. Waliokuja baada yake wamezikosoa, na wana haki. Kijana akijikata kidole na sepetu mara mia haimaanishi mmoja atakufa kwa umeme. Jeraha la sepetu na kifo cha juu ya nguzo hawana undugu. Unaweza kumaliza vidonda vyote vya vidole kwenye kampuni na bado ukazika. Lakini shoti ya volti 230 iliyomwachia mtu ganzi ni ndugu wa damu na shoti inayoua, sababu ni ileile: laini ilidhaniwa imekufa, haikupimwa. Kwa hiyo ukiandika chupuchupu, swali la kwanza ni hili: kilichomwokoa ni nini? Kama ni mkanda, au glovu, au mwenzake aliyempigia kelele, andika kwa wino wa kawaida. Kama ni bahati, andika kwa wino mwekundu.

Vocha zangu za maziwa zilikuwa za wino mwekundu.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaiona kutoka chini tukiwa na haraka umeme urudi. Umeme wa kusambaza unakuja na laini ya kilovoti 33 au 11, unafika kwenye transfoma, unashushwa mpaka volti 400 kati ya waya na waya, 230 unaoingia nyumbani. Fundi anayetaka kugusa laini anatakiwa kufanya mambo kwa mpangilio. Kuzima. Kufunga kule ulikozimwa ili mwingine asiuwashe. Kupima kwa kifaa kwamba kweli haupo. Kisha kuunganisha laini na ardhi pande zote mbili za mahali anapofanyia kazi, ili hata mtu akiuwasha kwa makosa, umeme uishie ardhini. Na kuwe na kibali cha kazi cha maandishi, kinachoonyesha nani kazima, nani anapanda, na nani peke yake mwenye ruhusa ya kusema washa.

Kila hatua inakula muda. Kupima na kufunga nyaya za ardhi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya kubadilisha kikombe kilichopasuka. Mtaa mzima uko gizani, nyama zinaharibika kwenye friji, simu zinapigwa. Hapo ndipo hatua ya tatu na ya nne zinaporukwa. Zinarukwa leo, salama. Kesho, salama. Mtu anajifunza kutokana na usalama huo kwamba hazina kazi.

Na wapo wanaorudisha umeme kwenye laini iliyozimwa, nao ni sisi. Ndugu wanachama, hapa naomba mnisikilize vizuri. Transfoma haijui njia ya kwenda na ya kurudi. Ukiipa umeme mdogo upande wa nyumba, inatoa mkubwa upande wa laini. Mwenye jenereta anayechomeka waya kwenye soketi ya ukutani bila kuwa na swichi ya kubadilishia, umeme wake unatoka nje kupitia mita na kuingia kwenye nyaya za mtaa, na ukikuta njia unaweza kupanda kwenye transfoma na kuwa wa maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi ameambiwa imezimwa. Nimehesabu wiki hii jenereta kwenye mtaa wetu. Zenye swichi ya kubadilishia ni chache. Sitaji nyumba. Mmoja wao ni kiongozi wa tawi hili, na ameshaniahidi.

Kinachofuata ni hesabu, nayo ina mtego.

Tuseme kuna magengi mawili. La kwanza watu 20, lilipata ajali 5 kwa mwaka. La pili watu 60, ajali 9. Lipi baya? Wengi mtasema la pili. Lakini hesabu ya ajali inafanywa kwa saa zilizofanywa kazi, na kawaida inayotumika duniani ni kwa kila saa milioni moja. Watu 20 kwa saa 8 kwa siku 250 ni saa 40,000. Ajali 5 hapo ni sawa na 125 kwa saa milioni. Watu 60 ni saa 120,000, na ajali 9 ni sawa na 75. Gengi dogo ndilo baya, karibu mara mbili.

Mtego uko wapi? Uko kwenye vibarua. Kibarua halipwi kwenye orodha ya mishahara, analipwa kwa vocha, kwa siku. Saa zake hazihesabiwi, na akiumia anapewa hela ya dawa na kurudishwa nyumbani, kwa hiyo ajali yake haihesabiwi pia. Anatoweka juu na chini ya mstari wa kugawanya. Kampuni inabaki na takwimu za mafundi wake wa kudumu, ambao wana mafunzo na vifaa, na takwimu hizo zinapendeza. Nasema hivi si kwa kusikia. Niliziandaa mwenyewe.

Vijana wetu 19 wote wataingia kama vibarua.

Kuna pia suala la majira. Masika yakianza, udongo unalainika, nguzo zinainama, miti inaangukia laini, mafundi wanaitwa usiku kwenye matope. Ajali zinafuata kazi, na kazi ya dharura inafuata mvua. Wataalamu wana njia za kutabiri kwa kufuata mfululizo wa miezi, maarufu ni ile ya Box na Jenkins ya mwaka 1970. Kwa lugha ya dukani, unautabiri Aprili huu kwa kuangalia Aprili zilizopita pamoja na miezi miwili mitatu iliyotangulia. Njia hiyo inataka rekodi za miezi mingi, na sisi hatuna hata ya mwezi mmoja. Lakini hatuhitaji mtaalamu kutuambia kuwa mradi utafika mitaa ya juu katikati ya masika, wala kuwa mkandarasi akikaribia tarehe ya kukabidhi atafanya kazi Jumapili na jioni.

Jambo moja la kuwa nalo macho. Mtu akianza kuhesabu ajali, kinachofuata ni kumtafuta "mwenye mikosi". Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walihesabu ajali za wanawake 647 waliokuwa wakitengeneza makombora, kwa wiki tano, na Greenwood na Woods wakaichapisha hesabu hiyo mwaka 1919. Wanawake 447 hawakuumia kabisa, lakini 26 waliumia mara tatu au zaidi. Kwa bahati tupu wangekuwa kama 8. Watu wakaruka wakasema: kumbe kuna watu wana asili ya kuumia, tuwaondoe. Lakini hesabu ile peke yake haiwezi kukwambia kama tatizo ni mtu au ni mashine aliyopewa, au zamu, au kazi aliyopangiwa. Kwenye gengi langu aliyepigwa shoti mara mbili alionekana mzembe. Nilikuja kujua baadaye kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitumwa juu kila mara, kwa sababu alikuwa mwepesi na hakuwa akibisha. Ndiye tuliyemnunulia sanda.

Kwa hiyo kijana wetu akiumia mara ya pili, tusianze na "huyu naye". Tuanze na nani alimtuma, na wapi.

Sasa maombi yangu kwa mkutano. Kwanza, nataka tawi liwe na daftari. Nimenunua, hili hapa, kurasa 200, kwa hela yangu, risiti mtanidai baadaye. Kila kijana atakayekwenda kwenye mradi, jioni anaporudi, aseme ameona nini: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, kilichomwokoa, na alifanya kazi saa ngapi. Hili la saa msilidharau, bila saa daftari ni porojo. Jina la mtoa habari halitaandikwa, itaandikwa namba, na orodha ya namba atakuwa nayo Mama Mlezi wa tawi, mimi sitakuwa nayo. Nimelitaka hivyo makusudi, maana mimi ndiye nitakayekwenda kuzungumza na mkandarasi, na asiyejua jina hawezi kulitoa.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutajumlisha. Wino mwekundu hausubiri mwisho wa mwezi. Siku hiyohiyo Mwenyekiti na mimi tunakwenda kambini. Na tukiona shoti mbili ndani ya gengi moja, vijana wetu hawapandi wala hawavuti waya kwenye gengi hilo mpaka tuonyeshwe kifaa cha kupimia na nyaya za ardhi kwa macho.

Pili, kabla ya majina kwenda, mkandarasi aulizwe mambo kwa barua na ajibu kwa barua. Je, vibarua wameandikishwa naye kama wafanyakazi wake kwa ajili ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF? Mfuko huo uko kwa sheria ya mwaka 2008, na anayechangia ni mwajiri, kijana hakatwi kitu. Je, eneo lake la kazi limesajiliwa na OSHA, kama inavyotaka Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003? Nani anawapa glovu, kofia na viatu, na vinapochakaa vinabadilishwa na nani? Na kibarua anaishia wapi? Nataka iandikwe kuwa kazi ya kibarua ni chini: kuchimba, kubeba, kuvuta kamba, kushika stei waya. Nguzo si ya kibarua. Kijana akishikwa bega na kuambiwa "panda tu mara moja, fundi hayupo", awe na karatasi ya kuonyesha.

Kijana mmoja aliniuliza juzi swali lililonikata. Akasema: "Mama Katibu, ukimuuliza maswali mengi si atachukua vijana wa tawi lingine?" Nilikosa jibu pale. Jibu langu leo ni kwamba inawezekana. Sitawadanganya. Anaweza kuchukua vijana wa mtaa wa pili ambao hawaulizi. Ndiyo maana nimeongea na makatibu wa matawi mawili ya jirani, mmoja wao si wa chama chetu, na wote wameomba nakala ya barua. Waya haukuulizi kadi. Mmoja ameshakubali kuwa na daftari kama letu. Wa pili anasubiri kikao chake.

Na kuna jambo linalonisumbua ambalo lazima niliseme mapema, kabla halijatokea. Tuseme tumefanya haya yote, mradi umeisha, na hakuna aliyekufa. Watu watasema Katibu alitutisha bure, alikalia majina, akatuandikisha madaftari, na hakuna kilichotokea. Mamlaka ya hali ya hewa ikitabiri mvua na mvua isinyeshe, imekosea. Utabiri wa ajali ni kinyume, ukifanya kazi yake unaonekana umekosea. Niko tayari kuchekwa. Ninachoomba ni kuwa siku hiyo tufungue daftari, tuhesabu chupuchupu za mwezi wa kwanza na za mwezi wa mwisho, tugawe kwa saa. Kama zimepungua, tutajua. Kama hazikupungua na tumepona tu, tutajua pia, na tutakuwa na la kumwambia mkandarasi atakayefuata.

Angalizo moja: mwanzoni zitaongezeka. Wiki za kwanza watu wanajifunza kuandika, na daftari linajaa hata kama kazi haijawa mbaya zaidi. Msishtuke, na msimruhusu mtu atumie hilo kusema daftari limeleta mikosi. Kitakachonitisha mimi ni ukurasa mtupu.

Wenye jenereta, fundi mwenye leseni ya EWURA atakuja Jumatano saa kumi jioni, ataanza na nyumba ya yule kiongozi niliyemtaja bila kumtaja. Gharama ya swichi ni ya mwenye nyumba, ufundi tumemwomba apunguze kwa kuwa ni nyumba nyingi, na amekubali.

Hayo ndiyo niliyoyasema mkutanoni. Mkutano ulipitisha daftari kwa kauli moja. Suala la kuyashikilia majina mpaka barua ijibiwe lilipigiwa kura, wakakubali 41, wakakataa 17, na waliokataa wana hoja yao, ambayo nimeiandika kwenye kumbukumbu kama walivyoisema: siku za kusubiri ni siku za njaa kwa mtu. Kwa sababu hiyo Kamati imempa mkandarasi siku saba tu za kujibu. Barua imepelekwa jana, nakala imesainiwa na mpokeaji kambini, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Vijana 19, njooni ofisi ya tawi Jumapili baada ya ibada, kila mmoja achukue namba yake kwa Mama Mlezi. Mwenye kovu, ganzi au habari ya mradi uliopita, aje nayo, tutaanzia hapo ukurasa wa kwanza. Asiyependa kuandika atasimulia, nitaandika mimi.

Katibu wa Tawi